Kitabu cha "Kamongo", na Kupima Pumzi za Viumbe wa Maji na Nchi Kavu

Kipo kitabu kidogo cha Kiingereza chenye jina la samaki wa nchi zetu. Jina lake ni Kamongo, na mtungaji wake ni Homer Smith, mtaalamu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1895 na kufariki mwaka 1962. Kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1932, kikatolewa tena mwaka 1949. Nakala niliyo nayo niliinunua kwa wauza vitabu vikuukuu wanaotandaza bidhaa zao kando ya njia pale Posta, Dar es Salaam, ikiwa katikati ya vitabu vya hesabu na kamusi zilizopoteza majalada. Walimu wenzangu wawili wameisoma baada yangu, na tumehitilafiana sana juu yake. Mmoja asema ni kitabu cha elimu safi. Wa pili asema ni kitabu cha kumwondolea mtu imani. Mimi naona wote wawili wamekisoma kwa haraka.

Kwanza nieleze mtungaji ni mtu gani. Daktari Smith hakuwa mtunga hadithi kwa kazi yake. Alikuwa mwalimu wa elimu ya kazi za mwili katika Chuo Kikuu cha New York, na jambo lililomshughulisha maisha yake yote ni mafigo. Alitaka kujua jinsi mafigo yalivyo katika samaki, na yalivyogeuka hata kufikia haya aliyo nayo mwanadamu. Ndipo, mwishoni mwa miaka ya 1920, alipomtafuta kamongo wa Ziwa Viktoria, kwa kuwa kamongo ni samaki mwenye mapafu, naye aweza kuishi majini na aweza pia kuishi katika udongo uliokauka. Mtu anayetaka kujua mwili hubadilika namna gani ukihama majini kwenda nchi kavu hana haja ya kuwafananisha samaki na mjusi, ambao ni viumbe mbalimbali. Aweza kumpima kiumbe mmoja yule yule katika makao mawili. Hilo ni wazo zuri, na sifa yake yampasa Daktari Smith.

Wasomaji wa pwani huenda hawamjui kamongo. Katika soko la Kariakoo aliye maarufu ni kambale aliyekaushwa kwa moshi, na kambale naye ana kiungo juu ya matamvua kinachomsaidia kuvuta hewa. Ndiyo sababu akitolewa majini hukaa hai kitambo kirefu. Lakini kamongo amempita. Ni samaki mrefu kama mkunga, mapezi yake ni kama kamba nne, na meno yake ni makali hata wavuvi humwogopa akiwa ndani ya mtumbwi. Akiwa mkubwa, karibu sehemu tisa katika kumi za oksijeni anayotumia huivuta hewani kwa mapafu, si majini kwa matamvua. Akizuiwa asifike juu ya maji, hufa maji, ingawa ni samaki.

Sasa tuseme juu ya kupima, maana bila ya hilo kitabu hakieleweki. Kila kiumbe huunguza chakula chake polepole kwa oksijeni, kama jiko linavyounguza makaa, naye hutoa hewa ya kaboni kama jiko litoavyo moshi. Ukijua oksijeni kiasi gani imetumika kwa saa moja, umejua ukubwa wa moto wa mwili ule. Wataalamu huliita jambo hilo umetaboli. Kwa mnyama wa nchi kavu njia ni nyepesi: humtia katika chombo kilichofungwa barabara, na ndani yake huweka dawa ya kunywa hewa ya kaboni. Kwa kuwa oksijeni hupungua na hewa ya kaboni hunywewa, hewa ya chomboni huwa chache, na kipimo kilichounganishwa na chombo huonyesha imepungua kiasi gani. Kwa samaki, huchukua maji kabla na baada, na kuyapima oksijeni yake kwa njia ya kemia, kama ile aliyoitoa Winkler wa Hungaria mwaka 1888.

Mwalimu wa shule ya kijiji asiye na vyombo vya namna hiyo aweza kuonyesha nusu ya jambo kwa chokaa. Koroga chokaa katika maji, uyaache yatulie usiku kucha, umimine yale maji meupe kama kioo yaliyo juu. Mtoto apulize ndani yake kwa mrija wa bua: maji hugeuka kama maziwa. Kisha weka kikombe cha maji hayo ndani ya chupa kubwa pamoja na chura na kitambaa chenye unyevu, ufunike. Utaona chura naye huyachafua maji ya chokaa, ila polepole sana kuliko mtoto. Mtoe baada ya muda mfupi, umrudishe alikotoka.

Taabu huanza kwa kiumbe anayepumua kotekote, na hapo ndipo chura na kamongo wanapokuwa ndugu. Wakati wa masika, mtu akikaa Kariakoo usiku huwasikia vyura wa bonde la Msimbazi, upande wa Jangwani, wakipiga kelele mpaka alfajiri. Kila mmoja wao anapumua kwa mapafu na kwa ngozi wakati mmoja. August Krogh wa Denmark alizitenga njia hizo mbili mwaka 1904, akapima ya ngozi peke yake na ya mapafu peke yake. Akaona kwamba hewa ya kaboni hutoka zaidi kwa ngozi. Na oksijeni inayoingia kwa ngozi hukaa karibu kiasi kile kile mwaka mzima, lakini ile ya mapafu hupanda na kushuka kwa majira. Basi yule anayempima chura akiwa amezamishwa majini tu, amepima nusu ya chura. Vitabu vyetu vya shule vinaposema kwamba chura hupumua kwa ngozi majini na kwa mapafu nchi kavu, kana kwamba anafungua mlango mmoja na kuufunga mwingine, vinawafundisha watoto jambo lililojulikana kuwa si sawa tangu zamani hizo.

Tena uko mtego wa uzito. Wataalamu hugawanya oksijeni iliyotumika kwa uzito wa mnyama, wapate kuwafananisha wakubwa kwa wadogo. Lakini chura hunywa maji kwa ngozi ya tumbo, na kibofu chake huweza kubeba maji mengi. Mpime akitoka dimbwini, kisha mpime baada ya siku mbili za kukaa pakavu: uzito umepungua, na kwa hesabu ya haraka utasema kila gramu ya mwili wake sasa inaunguza zaidi. La hasha, kilichopungua ni maji ya kibofu, na maji hayaunguzi kitu. Mtu mwangalifu humtoa mkojo kwanza ndipo ampime. Na joto nalo lisisahauliwe. Kwa viumbe ambao miili yao hufuata joto la mahali, joto likizidi kwa digrii kumi moto wa mwili huongezeka mara mbili hata mara tatu. Hesabu ya chura wa Ulaya katika chumba cha baridi haiwezi kuletwa Dar es Salaam kama ilivyo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo mizani ya kumpimia Daktari Smith mwenyewe. Alilolipata kwa kamongo, naye akalichapisha katika jarida la kemia ya viumbe mwaka 1930, ni kubwa. Kamongo akiwa majini hutoa takataka za nyama mwilini mwake zaidi kwa namna ya amonia, ambayo ni sumu, lakini maji huichukua upesi. Akiwa amelala udongoni hana maji ya kuichukua. Basi huacha kutengeneza amonia, akatengeneza yurea, isiyo na sumu kali, akaiweka mwilini kama akiba mpaka maji yarudi. Hali wala hanywi. Huunguza nyama ya mwili wake mwenyewe. Na moto wa mwili hushuka sana, hata aweza kukaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Maji yakirudi, huamka na kuitoa yurea yote. Sijui jambo jingine katika elimu ya wanyama linaloonyesha vizuri hivi namna mwili mmoja ulivyo na desturi mbili.

Katika majaribio Daktari Smith ni mwangalifu. Mwaka 1935 alirudi kwa kamongo, akaandika habari za aliyefunga chakula na aliye macho, kisha habari za aliyelishwa nyama, kwa kuwa alijua kwamba mlo wenyewe huongeza moto na kuvuruga hesabu. Ila Smith wa hadithi si Smith wa majedwali, na lawama zangu zamwelekea huyu wa hadithi.

Hadithi yenyewe ni hii. Watu wawili wamo melini, wakitoka Afrika kurudi kwao kwa njia ya Bahari ya Shamu. Mmoja ni mtaalamu, jina lake Joel. Wa pili ni Padre wa kanisa la Kiingereza. Joto ni kali, usiku ni mrefu, nao wanazungumza. Joel anasimulia habari za kamongo, na mazungumzo yanapanda kutoka kwa samaki mpaka kwa mwanadamu, na kutoka kwa mwanadamu mpaka swali la kama uhai una kusudi lo lote. Joel asema kamongo ni njia iliyofungwa mbele: alipata mapafu kabla ya wengi, angeweza kutoka majini akawa kitu kingine, naye akabaki kamongo kwa mamilioni ya miaka. Na kama njia moja imefungwa hivyo, asema, mtu asidhani kwamba nyingine zote zilipangwa kufika mahali.

Ni masimulizi mazuri. Mahali panaposimuliwa samaki, ziwa, na udongo, Smith aandika kama mtu aliyelowa matope mwenyewe, wala hapambi. Hapo sina neno. Neno langu ni juu ya namna anavyotoka katika chombo cha kupimia na kuingia katika hukumu.

Kwanza, usingizi wa udongoni, ambao ndio nguzo ya hadithi, si maisha ya kawaida ya kamongo wa Ziwa Viktoria. Ziwa lile halikauki. Wapo kamongo wa jamaa nyingine, wa Afrika Magharibi na wa upande wa Zambezi, ambao hujichimbia kila kiangazi madimbwi yao yakaukapo. Lakini huyu wa Viktoria ni nadra kuonekana porini amejifungia hivyo. Hulala akilazimishwa, maji yakikaushwa taratibu chomboni. Uwezo anao, nao ni wa ajabu, lakini uwezo si desturi. Mtu akifungiwa gizani siku arobaini akaishi, hatusemi kwamba watu huishi gizani. Msomaji wa New York hawezi kujua tofauti hiyo, na hadithi haimjulishi vya kutosha.

Pili, ule upungufu wa moto wa mwili kati ya maji na udongo hauwezi kusomwa kama bei ya kitambaa. Kamongo wa majini hupanda juu kuvuta hewa na kushuka tena, hushtuka akimwona mtu, huhangaika ndani ya tangi. Wa udongoni amejikunja wala hasogei. Basi katika tofauti ya hesabu mbili hizo, kiasi fulani ni cha maji na udongo, na kiasi fulani ni cha kuhangaika na kutulia tu. Tena udongo wenyewe hupumua. Vijidudu vilivyomo hunywa oksijeni, na tope lisilo na samaki huweza kupunguza hewa ya chombo. Yapasa tope tupu lipimwe kando, ndipo litolewe katika hesabu. Mambo haya mtaalamu huyajua na kuyaangalia. Lakini Joel hayasemi, naye Padre, ambaye angefaa kuuliza, haulizi.

Hapo nafika kwa Padre, na kwa rafiki yangu anayesema kitabu hiki chaondoa imani. Padre hakufanywa mjinga, nashukuru. Ila sehemu kubwa ya maneno ni ya Joel, naye Padre hujibu mambo makubwa akiacha madogo. Angemwuliza Joel, "Umempima katika nini, kwa siku ngapi, na kabla ya kumpima ulimpa siku ngapi za kukizoea chombo?" mazungumzo yangekwenda njia nyingine. Kipimo cha pumzi husema kiasi gani na kwa upesi gani. Juu ya kusudi hakisemi ndiyo wala siyo. Kwa sababu hiyo Joel hawezi kuondoa kusudi kwa majedwali ya samaki, wala Padre hawezi kulithibitisha kwa majedwali yale yale. Na ile hukumu ya kwamba kamongo ameshindwa kwa kuwa hakubadilika, imetoka wapi? Hakuna kipimo kilichoitoa. Samaki aliyekaa miaka mingi hivyo, akaona ukame mwingi ukija na kupita, mwingine aweza kumwita mshindi. Rafiki yangu angekuwa na haki ya kuogopa kama kitabu kingekuwa na uthibitisho. Kilicho nacho ni maoni ya mtu mwenye akili, aliyechoka safarini.

Mtu asidhani kwamba haya ni mabishano ya wasomi tu. Katika nchi yetu wenyewe tumeona gharama ya kutojua kiumbe anahitaji nini. Katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, yupo chura mdogo wa manjano, asiyefikia urefu wa sentimeta tatu, azaaye watoto badala ya kutaga mayai. Wataalamu walimwona kwanza mwaka 1996, wakati kazi ya kujenga bwawa la umeme imekwisha kuanza. Hakuishi majini, wala hakuishi pakavu: aliishi katika manyunyu ya maporomoko, juu ya majani yaliyolowa mchana na usiku, katika eneo dogo sana. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Karibu vyura 500 walichukuliwa mwishoni mwa mwaka 2000 kwenda bustani za wanyama za Marekani, na korongoni ikatandazwa mipira ya kunyunyizia maji. Idadi yao ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaanguka ghafula, na ugonjwa wa kuvu wa vyura ukaonekana huko. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena. Wazao wa wale waliosafirishwa wakarudishwa: 100 mwaka 2010, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Chura huyo angewekwa katika chombo gani? Cha maji si chake, na cha hewa kavu si chake. Majedwali yenye safu mbili tu, ya majini na ya nchi kavu, hayana mahali pa kumwandika. Umeme wa Kihansi, megawati 180 mitambo ikifanya kazi yote, huingia katika gridi ya taifa inayowasha taa za Posta na Kariakoo, na sisi tusomao chini ya taa hizo hatuwezi kusema habari za chura hazituhusu. Namtaja hapa kwa sababu Joel angemwita naye njia iliyofungwa. Njia ile aliifunga nani?

Lawama yangu ya mwisho ni ndogo kwa urefu, lakini yaniuma zaidi. Jina lililo juu ya jalada ni la Wajaluo. Ng'ambo ya ziwa, Waganda humwita mmamba, nao wana ukoo mkubwa unaobeba jina hilo, ambao watu wake hawamli samaki huyo. Na katika nchi ile, kwa desturi ya zamani, wanawake hawakumla. Wavuvi wa ziwa walijua kabla ya mtaalamu ye yote kwamba kamongo huja juu kuvuta hewa, kwa kuwa humsikia akivuta katikati ya mafunjo, na kwa sauti hiyo hujua pa kumtafuta. Huo nao ni upimaji wa pumzi, usio na chombo. Mvuvi aliyekaa kimya mtumbwini akihesabu muda kati ya pumzi moja na ya pili amempima samaki asiyefungwa wala kushtushwa, jambo ambalo maabara hulifikia kwa shida. Kwa kitabu kilichochukua jina lao, watu hawa wamepewa maneno machache mno.

Pamoja na hayo nakisifu kwa walimu, na hasa kwa wale wanaofundisha elimu ya viumbe. Kiingereza chake ni kizuri na si kigumu sana, isipokuwa karibu na mwisho Joel anaporefusha maneno. Hapo msomaji aweza kurukaruka bila hasara. Akisome kwanza sehemu ya samaki, kisha apumzike, ndipo asome mabishano ya melini. Na kama siku moja atatokea mtu wa kukifasiri kwa Kiswahili, nitamwomba aongeze mwanzoni kurasa chache, zilizoandikwa na mtu wa Kisumu au wa Musoma, zieleze kamongo huvuliwaje, hukaa wapi wakati wa kiangazi, na hukaa muda gani kabla ya kuja tena juu.